UZI: Kemikali iliyoua samaki haikuwekwa kwenye tairi, ilizaliwa barabarani. Je, serikali zidhibiti nini hasa?

MwalimuKemia (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Tukizungumza matairi, mara nyingi tunaishia kwenye bei, uimara na tarehe ya kutengenezwa. Leo naomba tuangalie kilichomo ndani ya tairi na mwenye mamlaka ya kukihoji. Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu ndicho kilichonifanya niamini kwamba sheria nyingi za kemikali zinakagua mahali pasipofaa.

Tairi si mpira mtupu. Kuna mpira wa asili na wa viwandani, masizi yanayolipa weusi na nguvu, silika, mafuta ya kulainisha, salfa inayotumika kuupika mpira, oksidi ya zinki, nta, pamoja na viambato vya kuuzuia mpira usichakae. Katika kundi hilo la mwisho, kinachotawala duniani kinaitwa 6PPD. Kwa kawaida huwa kati ya asilimia 0.4 na 2 ya uzito wa tairi.

Kazi yake ni kupambana na ozoni. Ozoni iliyoko hewani hukata minyororo mirefu ya molekuli za mpira, na matokeo yake ni ile mipasuko midogo mnayoiona ubavuni mwa tairi kuukuu. 6PPD hupanda taratibu kutoka ndani ya mpira hadi juu, ikaiwahi ozoni kabla haijaufikia mpira. Tairi linaposuguana na barabara, 6PPD mpya inaendelea kupanda. Kwa kweli ni ufundi mzuri sana wa kemia, na umeokoa maisha ya watu.

Lakini ikishakutana na ozoni, 6PPD yenyewe inageuka kuwa nini? Kwa miongo kadhaa hakuna sheria iliyomlazimisha mtu kujibu swali hilo.

Jibu lilitoka kwenye vijito vya Seattle, jimbo la Washington, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu waliovisafisha vijito hivyo ili samoni aina ya koho warudi kuzaliana waliona jambo la kusikitisha. Samaki walirudi kweli kutoka baharini, lakini kila mvua iliponyesha walianza kuyumba, kuachama midomo juu ya maji, na kufa ndani ya saa chache. Majike walikufa na mayai tumboni. Katika baadhi ya vijito vilivyo karibu na barabara kubwa, asilimia 40 hadi 90 ya koho waliorudi walikufa kabla ya kutaga.

Wakashuku joto la maji, magonjwa, dawa za wadudu, metali. Vyote havikuelezea. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzao wa Washington State University, wakiwamo Zhenyu Tian, Edward Kolodziej na Jenifer McIntyre, waliloweka vumbi la kashata za tairi kwenye maji, kisha wakayachuja na kuyagawa mafungu kwa mafungu, kila fungu wakilijaribu kwa samaki. Mwishowe ikabaki dutu moja yenye fomula C18H22N2O2, ambayo haikuwa kwenye orodha yoyote ya viambato vya matairi. 6PPD ni C18H24N2. Toa hidrojeni mbili, ongeza oksijeni mbili, unaipata. Wakaiita 6PPD-kwinoni. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science Desemba 2020.

Kipimo kilichorekebishwa mwaka 2022 kinaonyesha kwamba nanogramu 95 tu kwa lita moja ya maji zinaua nusu ya koho wachanga (nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni). Kwa hesabu hiyo, gramu moja inatosha kuchafua zaidi ya lita milioni 10 kwa kiwango hicho. Tairi la kilo 10 lenye 6PPD asilimia 1 limebeba gramu 100 za 6PPD. Si yote hugeuka kwinoni, wala si yote hufika mtoni, lakini mnaona ukubwa wa jambo.

Msimamo wangu: serikali zisikague tu kile kinachoingia kiwandani. Anayetaka kuuza tairi aonyeshe pia viambato vyake vinageuka kuwa nini vikikutana na ozoni, jua, joto na maji. Karibuni.

---

FundiMatairi

Mwalimu, asante kwa somo. Mimi nafunga na kuziba matairi kwa muda mrefu, nami nazungumzia ninachokiona.

Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na ubavu umepasuka kama udongo wa kiangazi. Mwenye gari anang'ang'ania kwamba bado jipya. Namwambia hapana, hili likipata moto kwenye mwendo mkubwa litapasuka na wewe ndani. Ndiyo maana tunaambiwa tusihifadhi matairi karibu na mashine ya kuchomelea au mota za umeme: zinatoa ozoni na mpira unazeeka dukani kabla haujagusa barabara.

Kwa hiyo mkisema 6PPD iondolewe, mimi swali langu ni moja. Nani atahakikisha hilo tairi la kubadilishia halitapasuka? Samaki nawaonea huruma, lakini abiria nao ni viumbe.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Nakubaliana na fundi. Halafu huyu koho ni samaki mmoja wa pwani moja. Je, tunabadilisha matairi ya dunia nzima kwa ajili yake?

---

MwalimuKemia

@Nahodha, si koho peke yake. Trauti wa upinde wa mvua na trauti wa vijito nao wameonekana kuathirika, ingawa kwao inahitajika dozi kubwa zaidi. Kuna samoni wengine, mfano wa aina ya chum, ambao wanawekwa kwenye maji yaleyale na hawafi. Ndugu wa karibu kabisa, mmoja anakufa, mwingine anaogelea. Hilo ndilo linalonitia hofu, kwa sababu majaribio ya sumu ya kisheria hufanywa kwa aina chache za samaki wa maabara. Ukichagua samaki mvumilivu, kemikali inafaulu mtihani.

Kwa binadamu, watafiti nchini China walipima mkojo wa watu na kuikuta 6PPD-kwinoni humo, na wajawazito walikuwa na kiwango cha juu kuliko wengine. Kuipata kwenye mkojo si sawa na kusema imemdhuru mtu, naomba tuwe makini hapo. Ila ina maana kwamba haikai barabarani tu.

@FundiMatairi, hoja yako ni nzito na naiheshimu. Sijasema iondolewe kesho.

---

BintiSheria

Naomba niingie upande wa sheria, maana watu wengi wanachanganya "kudhibiti" na "kupiga marufuku".

Marekani ina sheria ya mwaka 1976 ya kudhibiti dutu zenye sumu, TSCA. Ilipoanza, kemikali takriban 62,000 zilizokuwa tayari sokoni zilichukuliwa kama zilivyo, bila kwanza kuthibitishwa kuwa ni salama. Sheria ilirekebishwa mwaka 2016 na kuipa nguvu zaidi EPA, yaani wakala wa ulinzi wa mazingira wa nchi hiyo, lakini mzigo ule wa zamani ulibaki mkubwa.

Kifungu cha 21 cha sheria hiyo kinamruhusu mtu yeyote kuiomba EPA ichukue hatua, nayo inapewa siku 90 kujibu. Agosti 2023 makabila matatu ya wenyeji wa Marekani, Yurok, Port Gamble S'Klallam na Puyallup, yaliwasilisha ombi hilo kuhusu 6PPD kwenye matairi. Kwao samoni ni chakula, ni ibada, na ni haki iliyoandikwa kwenye mikataba yao na serikali. Novemba 2023 EPA ikalikubali ombi. Novemba 2024 ikatoa taarifa ya awali ya kutunga kanuni, ambayo bado si kanuni. Ni hatua ya kukusanya taarifa na maoni. Kabla ya hapo, mwaka huohuo 2024, ilishatoa njia ya maabara ya kuipima kwinoni hiyo kwenye maji, pamoja na kiwango cha kuchunguzia cha nanogramu 11 kwa lita kwa viumbe wa maji baridi. Hiyo namba haimfungi mtu kisheria, lakini inampa ofisa wa maji pa kuanzia.

California imekwenda njia nyingine, na mimi naiona ndiyo yenye akili zaidi. Idara yake ya kudhibiti sumu, DTSC, iliyatangaza matairi ya magari yenye 6PPD kuwa bidhaa ya kipaumbele, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023. Tangazo hilo halikupiga marufuku chochote. Linamwambia mtengenezaji: unauza bidhaa yenye kemikali hii hapa, basi ama iondoe, ama utuletee uchambuzi wa mbadala. Zaidi ya kampuni 30 za matairi ziliungana kufanya uchambuzi huo, na hatua ya kwanza iliwasilishwa Machi 2024. Mzigo wa kutafuta jibu umehamia kwa anayepata faida. Hapo ndipo sheria nyingi duniani hazijafika.

Washington nayo mwaka 2024 ilipitisha sheria ya kuiingiza 6PPD kwenye mpango wake wa bidhaa salama.

---

Kiwandani_Zamani

Dada BintiSheria ameeleza vizuri, lakini neno "mbadala" linasemwa kirahisi sana kwenye mijadala hii.

Nimefanya kazi kwenye chumba cha kuchanganyia mpira. Ukigusa kiambato kimoja, vyote vinasogea. Kiambato cha kuzuia ozoni lazima kiyeyuke ndani ya mpira lakini si sana, kwa sababu kinatakiwa kipande juu kidogo kidogo kwa miaka. Kikipanda haraka, tairi linabaki mtupu likiwa bado changa. Kikikataa kupanda, ubavu unapasuka kiambato kikiwa kimelala ndani. Lazima kihimili joto la kupikia, kisiharakishe wala kuchelewesha salfa, kisiharibu mshikamano wa mpira na waya za chuma. Nta peke yake haisaidii, maana inalinda tairi lililosimama. Likianza kuzunguka na kupindapinda, ule utando wa nta unavunjika.

Sasa njia rahisi kwa kiwanda ni kuchukua ndugu wa 6PPD. Wapo: 7PPD, IPPD na wengine wa ukoo uleule. Wanafanya kazi karibu sawa. Lakini nao wakikutana na ozoni wanatoa kwinoni zao wenyewe, na IPPD inajulikana siku nyingi kwa kuwasha ngozi za watu wanaoshika mpira mweusi. Serikali ikiandika "6PPD marufuku" na kuishia hapo, kiwanda kitatii herufi za sheria na mto utabaki na tatizo jipya lisilo na jina.

Na hili si la kufikirika. Kabla ya miaka ya 1950, viwanda vya mpira vya Uingereza vilitumia kizuia uchakavu kilichokuwa na uchafu wa naftilamini. Wafanyakazi walipata saratani ya kibofu. Kiliondolewa mwaka 1949, lakini waliokuwa wamekishika waliendelea kuugua miaka mingi baadaye. Leo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, linaiweka kazi ya kutengeneza mpira katika kundi la kwanza, yaani inasababisha saratani kwa binadamu. Kila tunapozungumza samaki naomba tumkumbuke na yule anayesimama kwenye mashine ya kuchanganya, kwa sababu yeye huipokea kemikali mpya kabla ya mtu mwingine yeyote.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Kaka Kiwandani, basi kwa maelezo yako haiwezekani. Tukubali tu yaishe.

---

Kiwandani_Zamani

Hapana ndugu yangu, sijasema haiwezekani. Nimeshuhudia ikiwezekana.

Zamani mpira wa kashata ulichanganywa na mafuta mazito ya petroli yenye harufu kali, yaliyojaa zile hidrokaboni za pete nyingi, PAH. Nyingine kati yake zinasababisha saratani. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo: kuanzia tarehe 1 Januari 2010 mafuta hayo yasizidi miligramu 1 ya benzopireni, mojawapo ya PAH hizo, kwa kilo, na jumla ya PAH nane zilizotajwa isizidi miligramu 10. Wakati huo kulikuwa na kelele nyingi. Tairi litateleza kwenye maji, tairi litaisha haraka, bei itapanda. Viwanda vikapewa muda wa kutosha, vikafanya majaribio, vikahamia kwenye mafuta yaliyosafishwa. Matairi yanashika barabara hadi leo.

Vitu viwili ndivyo vilivyofanya kanuni ile ifanye kazi. Kwanza, ilitoa tarehe. Pili, kulikuwa na kipimo cha maabara kinachoweza kufanywa kwenye tairi lenyewe, hata limetoka nchi gani. Bila kipimo, tairi la nje linaingia na karatasi nzuri na mafuta yaleyale ya zamani ndani.

---

MamaWawili

Samahani naingilia. Vile vipande vidogo vya mpira mweusi vinavyomwagwa kwenye viwanja vya nyasi bandia si ni matairi yaliyosagwa? Watoto wanarudi navyo kwenye viatu na soksi.

---

BintiSheria

Ndivyo, mama. Mara nyingi ni matairi yaliyosagwa.

Ulaya, tangu Agosti 2022, vipande hivyo haviruhusiwi kuwa na zaidi ya miligramu 20 za zile PAH nane kwa kilo. Na kwa kanuni ya plastiki ndogondogo iliyopitishwa mwaka 2023, uuzaji wa vipande vya kujazia viwanja utakoma Oktoba 2031. Kwa upande wa Marekani, EPA na wenzake walifanya utafiti mrefu, sehemu ya mwisho ikatoka Aprili 2024. Walikuta kemikali nyingi ndani ya vipande, lakini kiasi kinachomfikia mchezaji kilionekana kuwa kidogo. Kwa mzazi, mtoto anawe mikono akitoka uwanjani, vumbi likung'utwe nje, na mdogo asiviweke mdomoni.

Ila angalia tofauti ya hizo serikali mbili. Moja ilipima kinachomfikia mtu. Nyingine iliuliza pia kwa nini tunamwaga tani za mpira mahali ambapo hauwezi kurudishwa ukishasambaa. Maswali yote mawili ni halali, na nchi inayotunga kanuni lazima ijue inajibu lipi.

---

DerevaWaMasafa

Mimi sina elimu ya kemia, ila nauliza: kama sumu iko kwenye vumbi la tairi, kwa nini wasidhibiti vumbi lenyewe? Magari yamekuwa mazito mno. Haya ya umeme betri yake peke yake ni mamia ya kilo, na mwondoko wake ni wa ghafla. Tairi linaliwa.

---

MwalimuKemia

Swali zuri sana, mkuu. Ulaya wameanza kulifanyia kazi. Kanuni ya Euro 7, iliyopitishwa mwaka 2024, kwa mara ya kwanza inaweka msingi wa kudhibiti kiasi cha mpira kinachosagika kutoka kwenye tairi kwa umbali fulani. Njia ya kupima ilikubaliwa kwenye Umoja wa Mataifa, katika kamati ya Geneva inayoshughulikia kanuni za magari, na matairi ya magari madogo ndiyo yanaanza, kuanzia mwaka 2028 kwa aina mpya.

Faida yake ni kwamba ukipunguza vumbi unapunguza kila kitu kilichomo: kwinoni, zinki, na vingine ambavyo bado havijapewa jina. Lakini haitoshi peke yake. Kwa sumu inayoua kwenye nanogramu 95, kupunguza vumbi kwa robo kunaweza kuacha kijito kikiwa bado kinaua. Tena tairi gumu lisilosagika linaweza kupoteza mshiko kwenye maji. Kwa hiyo kanuni ya vumbi na kanuni ya kemikali ziende pamoja, na ile ya usalama wa breki isilegezwe hata kidogo.

---

FundiMatairi

Na sisi wa chini tufanye nini wakati wakubwa wanajadiliana? Maana upepo ukiwa pungufu tairi linasagika mabegani, magurudumu yakiwa hayajanyooshwa linaliwa upande mmoja. Kila siku naona mpira unaopotea bure barabarani kwa uzembe wa kupima upepo.

---

Nahodha wa Nchi Kavu

Hilo la fundi naliunga mkono. Lakini naomba mtu anijibu: anayelipa ni nani? Wavuvi waliokosa samaki watalipwa na nani?

---

BintiSheria

Wavuvi hawakusubiri. Novemba 2023 vyama viwili vya wavuvi wa pwani ya magharibi ya Marekani vilizishtaki kampuni 13 za matairi, katika mahakama ya shirikisho huko San Francisco, kwa kutumia sheria ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hoja yao ni kwamba kuuza tairi lenye 6PPD ni sawa na kudhuru samaki wanaolindwa na sheria. Hapa wanatumia sheria ya wanyama kwa sababu sheria ya kemikali ilikwenda polepole.

Kuhusu gharama za sasa hivi, majaribio kule Washington yameonyesha kwamba maji ya barabarani yakipitishwa kwenye tabaka la mchanga, udongo na mboji kabla ya kuingia kijitoni, koho wanaishi. Inafanya kazi. Lakini nani anajenga? Manispaa, kwa kodi za watu. Na huwezi kuchuja kila barabara. Ndiyo maana nasisitiza mzigo urudi kwenye chanzo. Kila shilingi au dola inayotumika kuchuja ni fedha ambayo mtengenezaji amemwachia mlipakodi.

---

Kiwandani_Zamani

Naongeza pingamizi moja la viwandani, kwa sababu mtalisikia. Watasema mchanganyiko wa tairi ni siri ya biashara. Ni kweli ni siri, na mimi nimetia saini karatasi za kuitunza. Lakini siri dhidi ya mshindani haipaswi kuwa siri dhidi ya mdhibiti. Maabara ya serikali inaweza kupokea orodha kamili chini ya kiapo cha usiri, ikapewa na viambato halisi vya kupimia. Watafiti wale wa samoni ilibidi waanze kutoka kwenye vumbi na kurudi nyuma, ilhali jina la 6PPD lilikuwa kwenye makabati ya viwanda muda wote.

---

MwalimuKemia

Kiwandani, hapo umegusa nilichotaka kukisema.

Desemba 2024 EPA ilitoa kanuni inayowataka watengenezaji wa kemikali 16 kukabidhi tafiti zao za afya na usalama ambazo hazijawahi kuchapishwa. 6PPD imo. Na kwenye orodha hiyohiyo, kwa jina lake kamili, imo 6PPD-kwinoni, dutu ambayo haiagizwi na kiwanda chochote cha matairi wala haichanganywi na mtu. Serikali imeanza kuuliza kuhusu kitu kinachozaliwa baada ya bidhaa kuuzwa.

Kwa hiyo, wakuu, kama kuna mmoja wetu anayeweza kufika mbele ya watunga kanuni popote alipo, naomba abebe mambo haya. Kila kiambato cha kukinga mpira kianikwe kwenye ozoni, na kinachotoka kipimwe kwa zaidi ya aina moja ya samaki. Mbadala upite mtihani huohuo kabla haujaingia sokoni, sambamba na mtihani wa mipasuko anaoudai FundiMatairi. Iwekwe tarehe, kama ilivyowekwa kwa mafuta mwaka 2010. Na kipimo kifanyike kwenye tairi lililoko dukani, si kwenye karatasi.

---

FundiMatairi

Ukiandika barua hiyo, Mwalimu, weka na jina langu. Ila mstari wa mipasuko uandike juu kabisa.